Usimuulize Corbeau ni Mutu wa Wapi

Bunia, tarehe 14 Machi 2004

Kwa Lydie, mutoto wa dada yangu,

Barua hii uisome ukiwa umesimama, juu inatoka kwa mutu mukubwa. Toka juma iliyopita mimi Adrien, mujomba wako, njo mulinzi wa inchi nzima ya Tarmelle, mito yake na milima yake, na wazungu wa Ufaransa na wa Canada wakiniona wanaacha njia. Élise, bibi yangu wa ndoa, anasema nijivune nusu. Namujibu: mama, hata ile nusu haienei mu nyumba yetu, tungebomoa ukuta.

Lakini salamu kwanza, siye hatuko watu wa porini. Tuko wazima. Magoti ya Élise inamusumbua wakati wa mvua, ila mudomo wake haujapata ugonjwa wowote. Muji iko kimya kidogo. Risasi tunazisikia mbali, upande wa Djugu, na soko inafunguka siku ile inafunguka. Camion, lori yangu, bado haijarudi toka kwa wale walioniazima na bunduki. Na weye? Unakula? Kampala iko na baridi? Jumapili unaenda kwa Maman Angèle, pale watu wa Bunia wanakutana? Uliniandikia mambo mingi lakini hiyo hukujibu.

Sasa kazi yako. Uliniambia Tarmelle, ule muchezo wa ordinateur, ni inchi ya kuandika tu, haina picha, kila mutu anajipa jina na kazi, na mutu akikaa mwezi bila kuingia nyumba yake inapewa mwengine. Uliniambia uko na examens, na mangaribi unauzisha mu duka, basi nikuchungie nyumba mpaka Juni. Mutoto wangu, umechagua vizuri! Kavira wa cyber ananiachia ordinateur moja bure, juu mimi njo ninamubebea mazout ya groupe yake ya umeme. Nakaa, naandika lile neno lako la siri, na hapo mimi si Adrien tena. Mimi ni Mimosa, mwanamuke wa dawa, mwenye nyumba ya mawe karibu na daraja.

Ila watu wako wa ekipe, Lydie! Hawana adabu. Nimeingia, nimesema bonjour, wanajibu «slt» na wanaendelea kupigana. «Slt» ni salamu ya nani? Hakuna anayeuliza habari ya nyumbani. Nitawafundisha. Mimi niliishia mwaka wa tano primaire, lakini adabu nilimaliza yote.

Barua hii Maman Angèle mwenyewe anaibeba, anapanda ndege kesho na bitenge vyake.

Mujomba wako mulinzi wa mito,
Adrien


Kampala, 4 Aprili 2004

Noko Adrien mupenzi,

Nimesoma nikiwa nimesimama, kama ulivyoagiza, juu kiti kimoja cha chumba hiki kilikuwa na nguo mbichi. Namushukuru Mungu muko wazima. Mwambie tantine Élise apake ile mafuta ya moto niliyomutumia, asiikaangie samaki. Mimi ninakula. Baridi hakuna. Examens zinaanza Pasaka ikiisha na ninalala na vitabu kwenye kifua.

Sasa, Noko, tafazali nisikie. Ningekuandikia email ifike leo leo, lakini utasema email haina mukono wa mutu. Basi nakuandikia na mukono, na unione nikipiga magoti.

USIWAFUNDISHE. Kule kuko adabu yao, na ni adabu ya kweli. Mutu akianguka, unamupaka dawa mbele ya kujipaka mwenyewe. Kitu kikiwa chini, huokoti mpaka yule aliyepigana aokote kwanza. Mugeni akiingia, unamuonyesha njia, humucheki. Na kubwa kupita yote: humuulizi mutu jina lake la kweli, wala ni wa wapi, wala baba yake ni nani. Hata kama mumetembea naye mwaka muzima. Akitaka atasema. Asiposema, ni juu yake.

Tuko watu sita. Ortie, yule mama wa upanga, njo mukubwa wetu. Corbeau, yule wa mushale, haongei mingi. Yeye umuache kabisa. Wengine wanacheka cheka tu.

Kaa mu nyumba, paka watu dawa, toka. Ni hiyo tu ninakuomba.

Mutoto wako,
Lydie


Bunia, 25 Aprili 2004

Lydie mutoto wangu,

Salamu toka huku, na pole na examens. Nimewaambia watu wote wa avenue kwamba unasoma mpaka vitabu vinaomba ruhusa ya kulala. Élise amepaka mafuta, magoti imekubali. Vitunguu vimeshuka. Jirani wetu Augustin amepata mapacha, mumoja wamemupa jina langu. Augustin anasema ni jina la babu yake, lakini watu wanajua.

Barua yako ilichelewa, ndege ilikaa chini juma nzima. Ilivyofika, mimi nilikuwa nimekwisha kupanga ile inchi.

Sikia vile nilifanya. Nilipita kwa kila mutu wa ekipe, mumoja mumoja, kama mutu anavyopita kwenye kilio. «Jina lako la nyumbani ni nani? Baba yako nani? Mutu wa wapi? Munasali wapi?» Wale wa kucheka walicheka. Mumoja ni mupishi wa hopitali kule Lyon, mwengine ana mapaka na mama mugonjwa. Unaona? Mwaka muzima mulitembea na mupishi na hamukujua hata kumuomba chumvi!

Kisha alikuja mugeni, jina lake Plume, hata kiatu hana. Nikamupokea. Alivyosema anaenda, nikasema: mugeni wangu hawezi kutoka peke yake. Nikamusindikiza mpaka mulango wa muji. Kisha mpaka darajani. Kisha kidogo tena, juu hadisi ilikuwa tamu. Nyuma ekipe ilikuwa inapigana na imbwa za pori, wanamulilia Mimosa alete dawa. Nikawaandikia: ngojeni, nasindikiza mutu! Ortie alikufa. Lakini kule wanakufa kidogo tu, asubui anaamuka na upanga wake na kisirani chake.

Plume aliniandikia: «Hakuna aliyewahi kunisindikiza.» Nilitoa yale maneno kwenye karatasi kwa mashini ya Kavira, nimeibandika kwenye ukuta.

Ni Corbeau tu amenishinda. Nilimuuliza: weye mutu wa wapi? Kimya. Nikafikiri hakuona, nikarudilia. Baba yako ni nani? Akatoka. Toka siku ile hakurudi. Mutu mwenye kiburi namna hiyo, mimi ninamuachia Mungu.

Na weye hukunijibu juu ya Jumapili. Maman Angèle anasema hakukuona Jumapili hata moja toka Bonane ya mwaka mupya. Nini iko?

Mujomba wako,
Adrien, ambaye sasa analinda na barabara


Kampala, 12 Mai 2004

Noko,

Salamu kwa tantine na kwa mapacha wa Augustin. Mimi niko muzima.

Leo nilipata nusu saa kwenye ordinateur ya chuo, nikafungua barua zangu. Ortie ameniandikia. Ninakupa maneno yake vile iko: «Mimosa, hatukujui tena. Corbeau anasema ni yeye au ni weye. Yeye ndiye alijenga ekipe hii pamoja nami. Ninangoja mpaka mwisho wa Juni. Kama hakubali kurudi, utapatia mwengine nyumba ya daraja.»

Sikulia, juu nilikuwa katikati ya watu.

Weye unaniuliza juu ya Jumapili. Umeniuliza mara na mara, na mimi naruka ile neno kama mutu anaruka maji. Basi leo nitakujibu, kisha tusirudie. Kule kwa Maman Angèle, mbele ya kunipa kiti wananiuliza: baba yako ni mutu wa wapi? Na mama? Kisha wanapima ni kabila gani kati ya yale mawili yanayopigana kwetu. Nikisema kwa baba, upande mumoja wanaweka chini sahani. Nikisema kwa mama, ni upande mwengine. Maman Angèle mwenyewe ni mutu muzuri. Lakini nyumba ni ya wote. Nikaacha kuenda.

Tarmelle njo pahali pamoja tu mu dunia ambapo sijaulizwa. Nilivyougua malaria mwaka jana, Corbeau alikaa mbele ya mulango wa Mimosa kila siku nisiyoingia, mwizi asichukue kitu. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Sijui kama ni mwanaume au mwanamuke, muzee au kijana. Ninajua tu kwamba alikaa.

Usinifanyie kitu tena. Usiandike barua ya kuomba radhi, maana utamuuliza tena ukoo wake katikati ya radhi. Kaa mu nyumba tu.

Lydie


Bunia, 1 Juni 2004

Lydie,

Tuko wazima. Élise anakusalimia. Mvua inanyesha.

Nilichelewa kujibu juu nilisafiri. Mutu aliniambia camion yangu imeonekana Iga Barrière, imepakwa rangi ya bluu. Nikapanda kwenye gari ya muuzishaji wa mbao, nimevaa ile koti yangu ya ndoa, juu mutu akienda kudai camion lazima afanane na mwenye camion.

Mbele kidogo ya kufika kulikuwa kamba katikati ya barabara, na vijana wa bunduki. Kijana mumoja, sauti yake bado haijakauka, alinisogelea akasema vizuri kabisa: «Muzee, habari ya safari? Weye mutu wa wapi? Baba yako nani?»

Unanijua mimi. Niliwajibu vile mutu mukubwa anajibu. Vile nilijibu kamili, hiyo sitaandika.

Camion haikuwa yangu. Nilirudi na miguu. Koti ilibaki pale kwenye kamba, na viatu.

Njiani nilikuwa na wakati wa kufikiri, kitu ambacho Élise anasema hakijanipata toka tuoane. Lydie, ni salamu ile ile. Maneno yale yale ninaulizaga watu toka nilikuwa mutoto, na wao wanafurahi, tunatafuta mpaka tunapata shangazi mumoja tunayemujua wote wawili, na tunakuwa ndugu. Mimi niliiona ni mulango. Sikujua imekuwa kamba.

Basi nimetafuta salamu ingine. Mutu hawezi kusema «slt», hiyo hapana, nitakufa nikiikataa. Nilimuuliza Élise. Akasema: «Mama yangu, mugeni akifika, aliulizaga kitu kimoja tu: umekula?» Njo ninaandika hiyo sasa, kwa Kifaransa, kwa kila mutu anayepita darajani. Mupishi wa Lyon ananihesabia sahani zote. Ortie alijibu: «Hiyo inakuhusu nini?» Kesho yake alijibu: «Supu.»

Corbeau hajarudi. Nimemuachia neno moja kwenye mulango wake, juu Ortie njo anamuchungia nyumba: «As-tu mangé?» Na chini nikaweka «Pole», kwa luga yetu, juu Kifaransa hawana neno la kutosha. Sikuomba radhi. Sikuuliza kitu.

Maman Angèle nimemuona jana. Nimemuambia maneno fulani. Ni kati yetu, watu wakubwa.

Mujomba wako,
Adrien


Kampala, 29 Juni 2004

Noko Adrien!

Nimeshinda examens! Zote, hata ile ya statistique niliyokuwa ninaota kwamba inanikimbiza. Sema kwa tantine, sema kwa avenue nzima, na mara hii usiongeze kitu.

Lakini nikuambie mambo kwa kufuatana. Juma iliyopita, saa ya mangaribi, mutu alipiga hodi. Ni Maman Angèle, yeye na sahani iliyofungwa mu kitambaa. Alikuwa analeta barua yako yeye mwenyewe. Nikaanza kutafuta uongo wa kumupa, kwa nini sikuja Jumapili hizi zote. Alisimama pale mulangoni, akaniangalia, akasema: «Umekula?» Hiyo tu. Noko, nilijua mara moja ni mukono wako. Tulikula. Aliongea juu ya bitenge na juu ya mume wake anavyokoroma. Hakuniuliza kitu. Jumapili nitaenda pengine. Sijui bado. Pengine.

Sasa sikia hii. Jumamosi nimeingia Tarmelle mimi mwenyewe, nimejitayarisha kukuta nyumba imepewa mwengine. Nakuta mulango unafunguka! Na kwenye daraja watu nisiowajua, wamekaa mustari, wanangoja. Wananiandikia: «Mama Mimosa, nimekula mukate na maziwa. Na weye?» Noko, umenifanyia nini?

Na Ortie aliniachia maneno haya: «Corbeau amerudi. Anasema alikuandikia kwa luga ya kwao, weye ukaelewa anatoka upande gani, na hukuuliza. Anasema alingoja saa nzima uulize, tayari kutoka kwa siku zote. Ukanyamaza mpaka mwisho. Anasema karibu na mutu wa namna hiyo anaweza kulala. Nyumba ni yako. Na utusamehe.»

Luga gani? Alisema nini? Na weye, Noko yangu mimi ninayekujua, saa nzima bila kuuliza? Nimesoma hayo maneno mara nyingi na bado ninaona kama ni mutu mwengine. Niandikie upesi. Ninajivunia weye mpaka nimemuhadisia Maman Angèle, na yeye amehadisia kanisa.

Mutoto wako,
Lydie


Bunia, 15 Julai 2004

Lydie, licenciée wangu mutarajiwa,

Nilisimama kwenye barza nikasoma barua yako kwa sauti. Avenue imepiga vigelegele. Sikuongeza kitu, nilisema tu kwamba umekuwa wa kwanza mu Uganda nzima, na hiyo si kuongeza, ni kutangulia. Élise amechinja kuku, magoti au si magoti. Mapacha wanakaa vizuri, na ule mwenye jina langu analia kupita mwenzake.

Kwa Maman Angèle hujui vile nilimuambia na hutajua. Enda Jumapili au usiende. Sahani itakuja.

Sasa Corbeau. Ilikuwa mangaribi, mbele ya couvre-feu, saa ya kila mutu kujifungia nyumbani, mu cyber tulibaki mimi na Kavira anayehesabu karatasi zake. Mara, kwenye écran: Corbeau ameingia. Hajasema bonjour. Ameandika, si kwa Kifaransa: «Nimekula, asante. Sombe na bugali.»

Lydie! Nilisimama mpaka kiti ikaanguka. Sombe! Majani ya mihogo yetu, mu ile inchi ya wazungu na mikate! Kavira akaniuliza kama kuna risasi. Nikamuambia hapana, ni chakula.

Watu wanasema mingi juu ya yale niliyofanya kisha hapo. Barua yako imenifikia na ile sifa ndani, Élise ameisikia, pasta ameisikia. Juma yote wananiita muzee wa hekima. Jana mutu alikuja kunitafuta nimuamulie mambo ya shamba yake na jirani, juu mimi ni mutu anayejua kunyamaza. Nilimuamulia, na vizuri sana.

Na Corbeau anakuja kila mangaribi sasa. Tunaongea juu ya chakula, juu ya mvua, juu ya vile pilipili ya duka haina moto. Hasemi ni wa wapi, na mimi siulizi. Hiyo ni kweli kabisa, unaweza kumuuliza Kavira. Ninauma ulimi mpaka inavimba, lakini siulizi.

Lakini ile mangaribi ya kwanza… Weye umesema unajivuna juu yangu, na neno hilo linanikaa mu tumbo kama mufupa wa samaki. Basi soma mistari hii peke yako, kisha uchome karatasi. Kwa Maman Angèle usiseme, na kwa kanisa usiseme hata kidogo.

Nilisahau ahadi yote. Sombe ile ilinifuta kichwa. Nilikaa chini nikaanza kumuandikia kwa Kiswahili: Weye ni wa kwetu! Weye wa wapi? Wazazi wako ni wakina nani? Lakini miezi hii yote niliandikia wale watu Kifaransa, na Kifaransa hakiitaji ile herufi. Sikuwa nimeigusa hata siku moja. Na kila neno nililotaka kusema lilikuwa linaanza nayo.

Nilitafuta juu ya clavier, ile ya Kifaransa, kwenye vitufe vya juu. Nilitafuta upande wa kuume. Kavira akasema: «Muzee Adrien, unachagua muchele?» Ningemuuliza yeye, angenionyesha na kidole kimoja. Mimi, nimuulize Kavira herufi, nami nilikwisha kumuambia mbele ya watu kwamba ninaandika kama secrétaire wa askofu? Nikamuambia ninafikiri. Jasho ilikuwa inaanguka juu ya clavier. Nilivyoipata, kumbe imejificha chini kabisa, pembeni, nikaipiga kwa furaha, nikainua macho: Corbeau amekwisha kutoka, ameandika tu «Asante. Kesho.»

Kunyamaza gani, Lydie. Nilikuwa natafuta W.

Mujomba wako,
Adrien